Ukuta wa sebule mtupu, mwenye nyumba hataki misumari, mke anarudi baada ya siku 19. Nifanyeje?

MpangajiKinyerezi

Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri wa kweli, utani baadaye.

Nipo Kinyerezi, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Nimehamia mwezi uliopita nikitokea kwenye chumba kimoja Tabata. Kule ukuta haukuwahi kunisumbua maana kabati, kitanda, ndoo na mtungi wa gesi vilishamaliza pande zote nne. Hapa nina ukuta mmoja wa sebule, mita nne na sentimita ishirini (nimepima kwa futi, sijakisia), mweupe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chini yake kuna kochi moja la watu watatu. Basi. Ukiingia unaweza kudhani tunasubiri kuitwa na daktari.

Mke wangu yuko Tanga kwa mama yake, amejifungua, yupo kwenye arobaini. Nikimpigia simu usiku ananiuliza, "Mbona unaongea kama uko ndani ya simtanki?" Sebule ina vigae chini, haina pazia la maana, na ukuta ndiyo huo. Nikikohoa, chumba kinanijibu.

Nimeshajaribu kitu kimoja na kimenitia hasara. Nilinunua zile stika za sponji zenye umbo la tofali, vipande nane, unamenya karatasi ya nyuma unabandika. Siku ya kwanza nilipiga picha nikamtumia, akaniletea vikopa. Usiku wa tatu, saa nane, nikasikia paa! Nikajua nimeingiliwa na wezi. Natoka na panga, nakuta vipande vitano viko chini, vimeng'oka na rangi ya mwenye nyumba. Sasa ukutani nina mabaka matano ukubwa wa sahani ya wali. Vile vitatu vilivyobaki naviogopa hata kuvigusa.

Mwenye nyumba alishasema tangu siku ya mkataba: tundu moja la msumari, elfu ishirini nikihama. Kuhusu mabaka hatujaongea. Hajayaona.

Bajeti yangu laki moja na nusu, mwisho. Sitaki maua ya plastiki, sitaki yale maneno ya Kiingereza ya kubandika. Nilikuwa na wazo la kutundika khanga kwenye fremu, niliwahi kuona mahali ikanivutia, lakini rafiki yangu kasema huo ni ushamba, khanga kazi yake ni kuvaliwa. Ni kweli? Na kama si ushamba, inatundikwaje bila kumtajirisha mwenye nyumba?

BachelaSugu

Nunua TV inchi 65, ukuta kwisha.

MpangajiKinyerezi

TV iko ukuta wa pili, kaka. Labda niweke nyingine zitazamane.

Fundi_Pimamaji

Mkuu, tuanze na mabaka kabla ya mapambo.

Usilaumu gundi. Gundi ilifanya kazi yake vizuri, ilishika rangi. Rangi ndiyo haikushika ukuta. Hizi nyumba za kupangisha nyingi wanapiga skimu ya jasi, vumbi halifutwi, hawapigi praima, wanamwaga rangi ya maji iliyozimuliwa mpaka imekuwa uji wa mgonjwa, mpangaji anaingia kesho yake. Fanya jaribio: chukua selotepu, bandika sehemu ambayo haijaguswa, sugua kwa kidole, kisha ivute kwa mara moja. Ikitoka na unga mweupe au ganda la rangi, kitu chochote cha kubandika kwenye ukuta huo kitaanguka. Stika, ndoano za gundi, karatasi za ukutani, zote. Sasa hivi au wakati wa masika.

Pia weka kiganja chini ya ukuta, karibu na sakafu. Kama ni baridi kuliko juu na kuna unga kama chumvi, hapo kuna maji yanapanda kutoka msingi. Usitundike kitambaa chochote sehemu hiyo, kitaota fangasi kwa nyuma na utashangaa harufu inatoka wapi.

Kwa hiyo tundu huwezi kulikwepa. Ila unahitaji mawili tu, siyo ishirini. Mpigie mwenye nyumba leo, mwambie hivi: nitatoboa matundu mawili kwa drili, nikihama nitayaziba na nitapaka rangi ukuta mzima. Ukishakubaliana naye mtumie ujumbe wa simu yabaki maandishi. Ukuta wenyewe inabidi upakwe upya kwa sababu ya mabaka yako, kwa hiyo unamuuzia kitu ambacho tayari unadaiwa. (Usimwambie hivyo.)

Msumari usipige. Msumari wa kawaida unapinda, na msumari wa zege unapasua lipu, unabaki na shimo kama limepigwa risasi. Azima drili yenye kugonga, biti ya zege ya milimita 6. Lipu ina unene wa kama sentimita moja na nusu, sasa usiishie kwenye lipu, ingia kwenye tofali, jumla sentimita 5. Ukiona unga umebadilika rangi kutoka mweupe kwenda kijivu, umefika kwenye tofali. Ukiona biti inazama kama kwenye mkate, tofali lako lina mchanga mwingi, sogea sentimita 5 pembeni ujaribu tena. Ingiza kile kiplastiki cha milimita 6, gonga kiingie chote, halafu skrubu.

Muhimu kuliko yote: usitoboe mahali palipo wima juu au chini ya swichi na soketi. Nyaya zinapita hapo ndani ya mabomba. Nimeona kijana kazima nyumba nzima kwa sababu ya saa ya ukutani.

Kuhusu urefu. Watu wetu wanatundika juu mno. Mnazikumbuka zile picha za babu, ziko karibu na dari halafu zimeinama kama zinatuchungulia? Katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, macho ya mtu aliyesimama. Juu ya kochi acha nafasi ya sentimita 20. Upana uwe kama theluthi mbili za kochi. Kochi lako lina upana gani?

MpangajiKinyerezi

Mita 2 na sentimita 10. Jaribio la selotepu nimefanya sasa hivi: imetoka na ganda, na nyuma yake unga. Nimebaki nimeishika kama cheti cha hospitali.

ShangaziPangani

Mwanangu, huyo rafiki yako mwambie shangazi kasema mshamba ni yeye. Khanga huvaliwa, hubebea mtoto, hufunikia maiti, hutandikwa, hupeperushwa harusini. Ukutani ndiyo itashindwa?

Lakini nikupe tahadhari ambayo huyo fundi hawezi kukupa. Khanga ina pindo, ina mji ule wa katikati, na ina jina, yale maandishi yake. Jina ndilo litakalokuponza. Ukiivaa, jina linakaa kwako nyuma na linapita. Ukiitundika ukutani, jina linakaa hapo hapo asubuhi hadi usiku, na kila anayeingia analisoma akijua limeandikwa kwa ajili yake.

Mimi yalinikuta. Nyumba yetu ya kwanza hapa Pangani ilikuwa ya udongo na miti, lipu ya chokaa, na sebuleni kulikuwa na ufa unaoanzia dirishani. Nikatundika khanga kuuficha, nzuri, ya kijani na njano, mpya. Jina: Hasidi hana sababu. Sikuwa na nia yoyote, ilikuwa ndiyo kubwa niliyonayo. Wifi yangu akaja kutoka Muheza, tukamketisha kiti cha heshima, kinachotazama ukuta. Chai akanywa nusu. Kaaga kabla ya adhuhuri. Kesho yake mume wangu anaitwa kwao, kikao kikakaa siku mbili, wazee wanajadili nani hasidi. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba ufa, ukuta akaujenga wifi, na ulisimama mpaka mtoto wangu wa pili.

Kwa hiyo soma kwanza, tundika baadaye. Kama hutaki maneno, tafuta kisutu. Kile chekundu, cheusi na cheupe anachovishwa bibi harusi. Visutu vingi vya asili havina jina, vinasema kwa rangi tu, na hakuna wifi atakayevisingizia. Mtu yeyote wa pwani akikiona sebuleni anajua hapa kuna ndoa.

Khanga moja ina kama mita moja na nusu kwa upana, na mita moja na kidogo kwa kimo. Hebu fundi apige hesabu na hilo kochi.

Na ya mwisho: nunua yako. Usiguse ya mkeo.

MpangajiKinyerezi

Shikamoo shangazi.

Hilo la mwisho limechelewa.

Jana usiku nilifungua sanduku lake. Sikuwa napekua, natafuta shuka. Nikaona khanga nyekundu ina korosho kubwa kubwa katikati, mpya kabisa, bado inanukia dukani. Ilikuwa ndefu mno, kama mita tatu, nikadhani wamekosea kiwandani. Nikachukua mkasi nikaikata katikati ili itoshe ukutani. Nilikata vizuri, nilifuata mstari.

Leo ndiyo nimekumbuka kwamba hiyo alipewa na mama yake siku ya kuagwa. Jina lake: Japo sipati tamaa sikati.

Shangazi niambie ukweli, nimeharibu?

BachelaSugu

Kaka rudi Tabata.

ShangaziPangani

Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuniangalia.

Hujaharibu. Hiyo ndiyo doti! Khanga inauzwa mbili zikiwa zimeshikana, ndiyo maana ilikuwa ndefu. Mwenye nayo huzikata katikati, huzipinda kingo, moja ya kiunoni, moja ya kichwani. Umefanya ambacho mkeo angefanya mwenyewe. Mbona mmelala na wanawake miaka yote hamjui doti ni nini? Peleka kwa fundi cherehani hapo mtaani azipinde zote mbili, uzifue, uzipige pasi, umwambie mkeo umemtayarishia. Utapata sifa usizostahili.

Lakini kuitundika hiyo sebuleni, hapana. Japo sipati tamaa sikati! Mgeni atauliza hupati nini, na mkeo ndiyo kwanza anatoka arobaini. Mhurumie.

Mvita_Mjini

Nimecheka na mimi huku Mombasa. Ndugu yangu, ukipata nafasi angalia ukingo wa hiyo khanga, pembeni kwenye pindo. Ikiwa ni ya zamani kidogo huenda ukakuta maandishi madogo "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hao ni Kaderdina Hajee Essak wa hapa Mombasa, na zao zinawekwa sana na watu. Ukiyakuta hayo mkasi uweke mbali.

Niongeze la kuta. Huu ugonjwa wa ukuta mtupu wazee wetu waliutibu zamani, ila kwa kutoboa zaidi kuliko anavyotaka huyo mwenye nyumba wako. Mimi nimekulia nyumba ya mawe, na Lamu nimezunguka nyingi. Chumba cha ndani kabisa, ukuta wa mbele yako umejaa zidaka, yale matundu ya kuwekea vitu ukutani, safu juu ya safu, zimenakshiwa kwa chokaa, kila kidaka kina bakuli au sahani ya kutoka Uchina, au msahafu. Sababu haikuwa fahari peke yake. Vyumba vile ni vyembamba, kwani dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti haikupi zaidi ya kama mita tatu. Ukikaa ndani ya chumba chembamba ukutani ukaona vivuli vya vile vidaka, jicho linadhani ukuta uko mbali. Nyanyangu alikuwa akiweka taa ya mafuta kwenye kidaka cha chini, basi usiku ukuta mzima unatembea.

Kwa hiyo hata kama unatundika kitu kimoja tu, fikiria mwanga wake. Taa yako ya sebule iko wapi? Ikiwa ni ile tubu moja ya dari inayomulika kama karakana, hata kisutu kitaonekana kama nguo iliyoanikwa.

NipoMwenge

Mimi nauza vinyago na picha, sitakudanganya uje kwangu. Kama utabakiwa na hela, nenda pale Oyster Bay karibu na Morogoro Stores kwa wachoraji wa Tingatinga ununue moja kubwa badala ya tatu ndogo. Watu wanapenda ndogo ndogo kwa bei, wakizitundika kwenye ukuta wa mita nne zinaonekana kama stempu. Mzee mwenyewe, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza 1968 akichora kwenye vipande vya hadibodi vya mraba kwa rangi za kung'aa za madukani, na 1972 akafariki. Miaka minne tu ile, na mtindo uko mpaka leo.

Ukinunua ya kitambaa, kwanza gusa pembeni kwa ukucha. Rangi ile inachelewa kukauka ndani. Ukiikunja mbichi, tembo anahamia upande wa pili. Na uikunje rangi ikitazama nje, usiifungie ndani.

Fundi_Pimamaji

Hesabu ya shangazi imekaa sawa. Kochi sentimita 210, theluthi mbili ni 140. Khanga 150. Fanya fremu ya sentimita 140 kwa 100, kingo zinazobaki zikunjwe nyuma. Mpe seremala vipimo hivi: mbao laini ya inchi 1 kwa 2, mti mmoja wa katikati usimamishwe ili fremu isijipinde. Ukienda kuichukua usiangalie sura, pima pembe kwa pembe. Mishazari yote miwili iwe sawa, kama sentimita 172. Ikiwa mmoja ni 172 na mwingine 175, mwambie arudie, khanga ina mistari, haifichi upindo.

Juu ya mbao tandika kwanza marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na nakshi, ndipo khanga, la sivyo mbao zitaonekana kwa mbele kama mbavu. Ukianza kupiga pini za stepla, anza katikati ya kila upande, juu na chini, kushoto na kulia, ukivuta kidogo kidogo kuelekea pembeni. Ukianzia pembe utapata makunyanzi ambayo hayatoki.

Mwangwi: kitambaa chembamba peke yake hakitasaidia kitu. Nunua sponji ya godoro ya inchi 1, ikate iingie ndani ya fremu, nyuma ya marekani. Utasikia tofauti. Pazia zito na zulia vitafanya zaidi, lakini umesema laki na nusu.

MpangajiKinyerezi

Mrejesho, maana naona watu wananiuliza inbox.

Mwenye nyumba amekubali matundu mawili. Nilimpigia saa moja jioni akiwa ameshakula, huo ndio ushauri wangu kwa wapangaji wote. Mabaka nimemwambia "kuna sehemu rangi imechoka". Akasema na yeye ameona rangi ya yule fundi haikuwa nzuri. Tukakubaliana kwamba fundi ambaye hayupo ndiye mwenye makosa.

Kisutu nilikipata Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, duka la tatu. Mama muuzaji aliniuliza nani anaolewa. Nikamwambia ni cha ukutani, akaniangalia muda mrefu halafu akakifunga mara mbili. Doti elfu kumi na nane. Nilikifua peke yake kama nilivyoshauriwa na yule mama, na maji yalitoka mekundu kama nimechinja. Ningekitandika kibichi juu ya marekani, leo ningekuwa na ukuta wa pinki.

Seremala hapa Kinyerezi alinitengenezea fremu kwa elfu ishirini na mbili. Nikapima mishazari mbele yake: 172 na 173 na nusu. Akasema, "Bosi, hiyo ni ya ukutani, siyo ya mbinguni." Nikamsimamia akairekebisha. Nilijisikia mtu mzima siku ile kuliko hata siku ya harusi.

Kazi ya ukuta ilikuwa Jumamosi. Nilikwangua rangi yote inayong'oka kwa kisu cha putty, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, nikapiga praima, nikajaza mabaka, nikapaka mikono miwili ya rangi ya maji. Ukuta mmoja tu, lakini mgongo wangu unadai nilipaka ghorofa. Zile stika tatu zilizobaki zilijiangukia zenyewe nilipozitazama.

Pimamaji sikuwa nayo. Jirani yangu ambaye ni fundi ujenzi akaniletea mpira mwembamba unaoonekana ndani, mita tatu hivi, akaujaza maji, yeye akashika mwisho mmoja mimi mwingine. Hatukuongea. Maji yalipanda yakashuka, yakapanda, yakatulia. Akasema weka alama. Nikaweka penseli kwenye usawa wa maji, na yeye kwake. Nilikuwa nimeshaweka alama zangu za macho kabla hajafika, na tofauti ilikuwa vidole viwili. Vidole viwili! Na ningeapa ziko sawa.

Kutoboa kulichukua dakika nne. Unga ulitoka mweupe, halafu kijivu, kama fundi alivyosema. Nilibandika bahasha wazi chini ya kila tundu ikapokea vumbi. Moja. Ya pili nilisahau.

Kimekaa. Katikati yake ni sentimita 152 kutoka chini, nimesamehe hizo mbili. Sponji imeingia nyuma. Nimepiga simu Tanga, hajasema habari ya simtanki, ameuliza tu mbona leo nanong'ona. Taa nayo nimebadili, Mvita: nimeizima ile tubu, nikanunua taa ya kusimama ya mtumba Ilala, elfu thelathini na tano, inamulika kwa pembeni. Ule wekundu usiku unakuwa kama wa makaa. Nimekaa kwenye kigoda nakitazama kisutu kama wengine wanavyotazama mpira. Jumla nimetumia laki moja na arobaini na moja.

Sasa shangazi, kuna jambo dogo.

Ile doti ya Japo sipati. Moja nimempelekea fundi cherehani, imepindwa, safi. Ya pili siioni tangu Jumamosi. Asubuhi hii nimeinua magazeti niliyofunikia kochi wakati wa kupaka rangi, chini yake nikaikuta. Inaelekea nilitandika kitu cha kwanza kilichokuja mkononi. Kwenye pindo kuna tone la rangi nyeupe ukubwa wa shilingi mia, na mengine madogo matatu kwenye korosho.

Mke anaingia kesho na basi la asubuhi, na mama yake.

Rangi ya maji inatoka kwenye khanga?

ShangaziPangani

Ikiwa mbichi inatoka kwa maji ya bomba tu. Ina siku ngapi?

MpangajiKinyerezi

Nne.

Fundi_Pimamaji

Hiyo imeshakuwa ukuta, mkuu.

ShangaziPangani

Usiisugue, utaitoboa. Chukua ile nzima iliyopindwa, iweke kwenye mfuko, wahi Kariakoo sasa hivi wakiwa hawajafunga. Usiwatajie jina tu, wapo wengi wa jina hilo na kila mmoja ana mji wake. Waoneshe korosho na pindo. Ukipata inayofanana, nunua doti nzima, usiikate.

Na lile sanduku, mwanangu. Khanga ya juu kabisa ilikuwa imekunjwa pindo nje au pindo ndani?

MpangajiKinyerezi

Sikumbuki.